Picha Mpya Wiki Hii

Kila wiki simu yangu hupokea ujumbe uleule kutoka jumba moja la sinema hapa Dar es Salaam: filamu mpya wiki hii. Chini yake huja orodha. Mbili tatu za Marekani, moja ya Kihindi, na mara mojamoja ya kwetu. Kusoma historia kumeniharibia starehe nyingi, na hii ni mojawapo. Siwezi tena kuipitia orodha ile bila kuuliza: mpya kwa nani? Na wiki hii ya wapi?

Kwa sehemu kubwa ya karne ambayo pwani yetu imekuwa ikiangalia sinema, upya wa filamu haukuhesabiwa tangu siku ilipotengenezwa. Ulihesabiwa tangu ilipofika. Awaara ya Raj Kapoor ilitoka India mwaka 1951, Mother India mwaka 1957, Mughal-e-Azam mwaka 1960, lakini tarehe hizo ni za vitabu. Kwa mtu wa Tabora picha lilikuwa jipya siku masanduku yake yaliposhushwa stesheni, hata kama Dar es Salaam walikwisha kulilia na kulisahau. Wala hakujiona amepitwa. Atapitwaje na kitu ambacho bado hakijafika kwao?

Na kilikuwa kitu kweli, kitu cha kubebwa. Mkanda wa milimita 35 hupita kwenye projekta kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, ambayo ni futi 90 kwa dakika. Picha la Kihindi la saa 3 linakula zaidi ya futi 16,000. Hizo ni karibu kilomita 5 za mkanda. Ukiunyoosha kutoka Forodhani unafika Amani na bado mwingine unabaki mkononi. Hakuna gurudumu la kawaida la kubeba urefu huo, kwa hiyo filamu ilikatwa kwenye rili. Rili ya futi 2,000 inakwenda dakika 22 hivi, na picha zima lilikuwa na rili nane au tisa, kila moja ndani ya kopo lake la bati, makopo ndani ya sanduku. Nakala moja iligharimu pesa nyingi, hivyo mwagizaji hakuleta nakala kwa kila mji. Alileta moja, akaizungusha.

Ilikuja kwa bahari, enzi ambazo meli kama Karanja na Kampala za kampuni ya British India zilikuwa zikienda na kurudi kati ya Bombay na bandari zetu. Ikishuka, ilipita kwanza mbele ya wakaguzi wa serikali, kisha ikaanza safari yake ya nchi kavu: Tanga, Moshi, Arusha, au Reli ya Kati, Dodoma, Tabora, mpaka Mwanza. Kila mji ulipewa siku zake chache, masanduku yakafungwa tena. Na kila mji ulichukua kitu. Projekta ilikwaruza, mkanda ulikatika, opereta akakata palipoharibika na kuunga kwa gundi ili watu wasianze kupiga miluzi. Filamu ikifika ziwani ilikuwa na mistari kama mvua, na pengine nusu ya wimbo haipo. Mtu wa Unguja na mtu wa Mwanza wangeweza kubishana juu ya picha lilelile usiku kucha na wote wakawa wakweli.

Unguja walianza mapema. Hassanali Jariwalla, ambaye kabla ya hapo alikuwa akionyesha sinema kwenye hema, alifungua jumba la Royal huko Vuga mwaka 1921, na aliyelichora ni J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza ambaye majengo yake bado yanapamba Mji Mkongwe. Royal baadaye liliitwa Majestic, likaungua, likajengwa upya mwaka 1955. Kufikia wakati huo mji ule mdogo, ambao unaweza kuuvuka kwa miguu kabla chai haijapoa, ulikuwa na Majestic, Empire na Sultana. Majumba matatu, na Jumapili moja tu kwa wiki.

Nasema Jumapili kwa sababu ndiyo ilikuwa siku ya picha la Kihindi, Unguja na bara. Familia nzima ilitoka, na nguo za kutokea zilitoka pia. Tiketi ziliisha mapema, zikaibuka tena mikononi mwa walanguzi waliosimama nje wakijifanya wanapunga upepo. Kama jumba moja halikutosha, na kwa picha jipya halikutosha, mwenye filamu alifanya jambo ambalo hadi leo nikilifikiria nacheka: alionyesha nakala moja kwenye majumba mawili usiku mmoja.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa sehemu ya hesabu hiyo. Alipokuwa kijana alipeleka rili kwa baiskeli. Jumba la kwanza lilianza kwa wakati, la pili likaanza baadaye kidogo. Rili ya kwanza ikimalizika hapa inazungushwa kurudi mwanzo, inatiwa kwenye kopo, kopo linafungwa nyuma ya baiskeli, na mjomba anaingia vichochoroni. Anayeujua Mji Mkongwe anajua vichochoro vile havina nafasi ya baiskeli na mtu mnene kupishana. Akifika anaikabidhi, anachukua iliyokwisha, anarudi. Mara nane au tisa kwa usiku, mvua au kiangazi. Akichelewa dakika tatu, skrini inakuwa nyeupe, na watu mamia kadhaa waliolipa wanaanza kumtukania mama yake, ambaye pengine naye yumo humohumo ukumbini.

"Mimi, mjomba," aliniambia (ndivyo tunavyoitana, yeye kwangu mjomba nami kwake mjomba), "picha zote nimezibeba. Hata moja sijaiona."

Alikuwa akiona vipande. Dakika nne akisubiri rili izungushwe, dakika mbili akivuta pumzi mlangoni. Mother India anaijua kama mtu anavyoijua nyumba ya jirani kwa kuchungulia dirishani. Mwisho wa hadithi alikuwa akiusikia kesho yake kwenye baraza ya kahawa, pamoja na wale ambao hawakupata pesa ya tiketi.

Nimekaa siku nyingi kwenye nyaraka za Kilimani nikimtafuta mtu kama yeye. Nimepekua Samachar, gazeti la kila wiki lililochapwa Unguja kwa Kigujarati na Kiingereza, na matangazo yake mafupi ya sinema. Kwenye majalada niliyofungua kuna leseni, kodi, barua za wakaguzi, majina ya wenye majumba. Mtu wa baiskeli hayumo. Najua ndivyo nyaraka zilivyo, zinamkumbuka anayelipa kodi na anayeandika barua. Lakini tangazo likisema picha litaonyeshwa Jumapili, ahadi ile ilisimama juu ya magurudumu mawili ya kijana ambaye hakuandikwa popote, na inanikera.

Bibi yangu alikuwa na wiki yake tofauti. Palikuwa na maonyesho ya wanawake watupu, mchana, na mabuibui yalijaza ukumbi mzima. Mwanamume ambaye baba yake hangemruhusu hata kusimama dirishani hakuwemo. Alikuwemo opereta tu, naye amefungiwa kwenye chumba chake na projekta. Bibi alizishika nyimbo za Kihindi kwa masikio, hajui hata neno moja maana yake, na alipokuwa akipepeta mchele aliziimba kwa maneno ya kujibunia. Hakuwa peke yake. Juma Bhalo wa Mombasa alijijengea jina kubwa katika taarabu kwa mtindo huohuo wa Kihindi, nyimbo za mapenzi za Kiswahili zilizobebwa na mahadhi ya kutoka ng'ambo. Filamu ikishaondoka na masanduku yake, wimbo ulibaki mjini. Mara nyingine nadhani huo ndio mkanda pekee ambao haukukwaruzwa.

Sipendi hadithi za zamani zinazosimuliwa kama kila kitu kilikuwa asali. Ndani ya ukumbi uliomchanganya Mhindi, Mwarabu, Mngazija na Mswahili, bei ya kiti ilijua kumweka kila mtu pake. Na mwaka 1966, mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha, Dar es Salaam ilifungua sinema ya Drive-In huko Msasani, ukumbi usio na paa ambapo unaangalia picha ukiwa umeketi ndani ya gari lako. Nchi inajiandaa kwa ujamaa, na sinema yake mpya kabisa inakutaka uje na gari! Walienda hata hivyo. Asiye na gari alijibana kwenye la jirani. Ardhi ile leo ndiyo penye ubalozi wa Marekani, uliohamia hapo baada ya ule wa zamani kulipuliwa Agosti 1998.

Serikali nayo iliingia kwenye biashara. Zanzibar majumba ya sinema yalitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Bara ilianzishwa Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, ikapewa kazi ya kuagiza na kusambaza, na mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo ikachukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mtu aliyejenga sinema kwa fedha zake aliamka akiwa mpangaji ndani yake. Hapa wasomi hupenda kuchagua upande, ama serikali iliua sinema au ubepari ulistahili. Mimi naona mambo yalikwenda polepole zaidi ya hapo, kwa sababu miaka ya 1970 majumba yalikuwa bado yakijaa. Ni miaka ileile ya Sholay, na ya Bruce Lee. Enter the Dragon ilitoka mwaka 1973 wakati Bruce Lee amekwisha kufa Julai ya mwaka huohuo, na sidhani kama kuna kijana wa Kariakoo au Ng'ambo aliyejali. Steringi hafi. Mikono ilirushwa mitaani, na mtu aliyekufa alikuwa na picha mpya wiki hii.

Kilichofuata kilikuwa ukavu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliacha hazina tupu, na miaka ya 1980 mwanzoni nchi ilikuwa haina fedha za kigeni za kununulia mafuta, sembuse filamu. Mikanda iliyokuwapo ikazungushwa tena na tena, mvua ikazidi kwenye skrini. Neno "mpya" likaanza kukauka kwenye mabango. Wakati huohuo mikanda ya video ikaanza kuingia kwenye mabegi ya waliosafiri Dubai na Muscat. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara walingoja hadi 1994. Ukishakuwa na picha sebuleni, Jumapili haina tena sababu ya kuvaa viatu. Majumba yakageuka maghala, maduka, makanisa. Majestic lilibaki miaka na miaka bila paa, kuta zake zikitazama mawingu.

Ila watu hawakuacha kukusanyika, na hapa ndipo nisipokubaliana na wanaosema utamaduni wa sinema ulikufa. Ulihamia uswahilini. Kibanda umiza kilikuwa mabenchi, televisheni moja, deki, joto, na kiingilio ambacho mtoto angeweza kukipata kwa kuuza chupa. Na ndani yake alikuwapo mtu mpya kabisa katika historia hii: mtafsiri. Lufufu alikaa juu ya sauti ya filamu akaisimulia upya kwa Kiswahili, akaweka utani wake, akawapa wahusika wa Hong Kong na Marekani majibu ya Manzese. Uganda wana wenzake, Kenya pia. Filamu ya miaka kumi iliyopita ikipita mdomoni mwa Lufufu ilitoka mpya. Wakati mwingine nasikia vijana kwenye mitandao wakianza kisa kwa "picha linaanza", au wakilalamika kwamba fulani "kaunguza picha" kwa kutoboa siri, na najiuliza kama wanajua wanaongea lugha ya opereta na mkanda uliokwama mbele ya taa ukaungua.

Filamu zetu wenyewe, zile za enzi ya Kanumba, zilikuwa na wiki yao pia, na haikuwa ya ukumbini. Iliingia sokoni, kwenye maduka ya Kariakoo, sehemu ya kwanza kwanza, na ya pili usubiri. Wengi walichukia ule ujanja wa kukata filamu vipande viwili ili iuzwe mara mbili. Mjomba hakuona ajabu. "Sisi tuliikata tisa," alisema.

Siku hizi nikimweleza jinsi filamu inavyofika, anasikiliza kama ninamsimulia mambo ya majini. Hakuna rili. Filamu nzima imo kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia data, imefungwa, na funguo yake ni faili linalotumwa kwa kila projekta. Funguo ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kufa. Kabla ya Ijumaa haifungui, na baada ya siku zilizoandikwa haifungui, hata opereta alie. Kwa sababu hiyo filamu inaweza kuanza Dar es Salaam siku moja na London. Februari 2018 Black Panther ilionyeshwa Kisumu tarehe 13, siku tatu kabla ya kutoka rasmi Marekani, mbele ya nduguze Lupita Nyong'o. Kisumu ikawa mbele ya New York! Watu wa reli na masanduku wasingeamini.

Lakini wiki ikishakuwa funguo, mwenye funguo ndiye anayeamua. Mwaka huohuo 2018, Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku Kenya kwa kuwa ilisimulia mapenzi ya wasichana wawili. Septemba Mahakama Kuu mjini Nairobi ikaisimamisha marufuku ile kwa siku 7, kwa watu wazima tu, kwa sababu sheria za Oscar zilitaka filamu iwe imeonyeshwa nyumbani kwao siku 7 mfululizo. Kumbi zikajaa. Siku ya nane ikawa haramu tena. Naijua historia ndefu ya wakaguzi wa sinema hapa kwetu, tangu wakoloni, lakini sijui mahali pengine ambapo neno "wiki hii" lilikuwa hukumu ya mahakama.

Na ipo Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, hadithi ya Unguja ya miaka ya 1950, miaka ya Majestic na Empire na Sultana. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza duniani Toronto, Septemba 2021. Sina ugomvi na Toronto. Mtengenezaji anakwenda penye ukumbi, wanunuzi na macho ya dunia. Nilimwambia mjomba kwamba kuna picha la Unguja ya ujana wake na kwamba limeonekana Canada kwanza. Akauliza limekwenda kwa meli gani.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Skrini zinazopokea ile orodha ya kila wiki ziko ndani ya maduka makubwa machache, kama Mlimani City. Kutoka Mbagala ni daladala zaidi ya moja, foleni, kiingilio, na kurudi usiku. Kwa familia ya watu sita, ambayo ndiyo ilikuwa familia ya Jumapili ya bibi yangu, ni pesa ya chakula cha siku kadhaa. Hivyo mji mmoja una kalenda mbili, na mimi nimeziishi zote: kuna wiki za kiyoyozi na bisi, na kuna Jumamosi ambazo naingia Mbagala kumsalimia shangazi, napita kwenye kibanda cha mtaa wake.

Mara ya mwisho walikuwa wanaonyesha filamu ya mapigano ambayo mimi niliiona Mlimani City miaka minne nyuma. Mtafsiri alikuwa anaisimulia kwa kasi ya mtangazaji wa mpira, watoto wamebanana hadi mlangoni, mmoja kabebwa mgongoni kwa kaka yake ili apate kuona. Nilimuuliza kijana aliyekuwa anakusanya kiingilio kama hii ni picha mpya.

"Mpya kabisa, dada," alisema huku akihesabu sarafu. "Imeingia jana usiku. Lipa uingie, bado hawajafika kwenye ngumi."